Dereva Akihama Kampuni, Ahame na Karatasi Zake

Sisi tunaokaa kando ya barabara kuu karibu na Makambako tumezoea ngurumo za malori. Yanapita usiku na mchana. Yanatoka bandari ya Dar es Salaam, yanapanda mlima Kitonga, yanapita Iringa na Mbeya mpaka Tunduma. Hapo yanavuka mpaka kuingia Zambia. Mengine yanaendelea mpaka Kasumbalesa na Lubumbashi, katika nchi ya Kongo. Wakati wa kurudi, mengi hubeba shaba.

Vijana wetu wengi wanaitamani kazi hiyo, na wengine wako barabarani tayari. Lakini kuna jambo moja ambalo sisi watu wa nyumbani hatulijui vizuri. Dereva wa safari ndefu mara nyingi hakai kampuni moja. Leo yuko kwa tajiri huyu, mwakani yuko kwa mwingine. Kuhama si kosa. Ila kuna kuhama kwa faida na kuna kuhama kwa hasara. Leo tutazame tofauti yake.

Kazi hii ilianzaje?

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia haina bahari, na mizigo yake mingi ilikuwa inapita huko kusini. Ikabidi itafute njia nyingine. Njia hiyo ilikuwa barabara ya Dar es Salaam. Mwaka 1966 ikaanzishwa kampuni ya malori ya Zambia-Tanzania Road Services. Wakati ule sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo. Mvua ikinyesha, malori yalikwama na mengine yalianguka. Lami ilikuja baadaye.

Siku zile makampuni yalikuwa machache, na mengi yalikuwa ya umma. Siku hizi makampuni ya watu binafsi ni mengi sana. Kwa hiyo dereva mzuri akiudhika hapa, kesho anaweza kupata usukani kwingine.

Dereva wa darasa letu

Katika darasa letu la elimu ya watu wazima alikuwapo dereva mmoja. Alikuwa akija anapokuwa likizo, au gari lake linapokuwa gereji. Mimi ni mdogo kwake kwa umri, lakini yeye huniita "Mwalimu", nami humwita "Kaka".

Alianza kama utingo. Akajifunza kuendesha, akapata leseni ya magari makubwa. Miaka mitatu ya kwanza aliendesha lori la tajiri mmoja wa mjini. Hawakuandikiana kitu. Fedha alipewa mkononi. Siku tajiri alipouza lori, kazi ikaisha hapo hapo.

Akahamia kampuni kubwa. Huko alikaa miaka minne. Aliandikiwa mkataba, na michango yake ya NSSF ikapelekwa kila mwezi. Lakini siku moja aligombana na msimamizi juu ya mafuta yaliyopungua. Akatupa funguo mezani, akaondoka. Hakutoa notisi. Hakuomba barua yoyote.

Kampuni ya tatu ilimvuta kwa posho nene ya safari. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini hakujali. Alikaa miaka miwili. Kila mwezi karatasi ya mshahara ilionyesha kwamba amekatwa fedha ya NSSF.

Basi, jioni moja alikuja darasani na karatasi aliyoitoa ofisi ya NSSF. Akasema, "Mwalimu, hii naisoma mwenyewe, lakini naona kama macho yangu yananidanganya. Tuhesabu pamoja."

Tukahesabu ubaoni. Alikuwa ameendesha miaka 9, yaani miezi 108. Kwa tajiri wa kwanza, miezi 36, hakuna kitu. Kampuni ya pili, miezi 48, yote imo. Kampuni ya tatu alifanya kazi miezi 24, lakini michango iliyofika ni ya miezi 7 tu. Jumla ni miezi 55. Miezi 53 haipo. Hiyo ni miaka minne na miezi mitano.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa naendesha bure."

Kwa nini miezi ile ni muhimu?

Ili mwanachama wa NSSF apate pensheni ya uzeeni, anatakiwa awe amechangiwa angalau miezi 180, yaani miaka 15. Si lazima iwe miaka 15 ya kampuni moja. Namba ya uanachama ni ya mfanyakazi, si ya tajiri. Ukihama, unakwenda nayo. Michango ya kampuni ya kwanza, ya pili na ya tatu hujumlishwa pamoja.

Kama miezi yake yote 108 ingehesabiwa, yule dereva angebakiwa na miezi 72, yaani miaka 6. Kwa kuwa ana 55 tu, amebakiwa na miezi 125. Hiyo ni zaidi ya miaka 10. Sasa wewe fikiri: mtu wa miaka arobaini na kitu, mgongo umeanza kuuma, bado anadaiwa miaka 10 ya usukani.

Posho na mshahara si kitu kimoja

Kosa linalowaponza wengi ni kulinganisha posho za makampuni na kusahau mshahara. Posho ya safari inaliwa njiani: chakula, malazi, siku za kungoja mpakani. Gari likikaa gereji mwezi mzima, posho hakuna. Mshahara ndio unaobaki.

Tuchukue mfano. Kampuni moja inatoa mshahara wa shilingi 500,000 na posho ndogo. Nyingine inatoa mshahara wa shilingi 300,000 na posho kubwa. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara. Mfanyakazi asikatwe zaidi ya nusu yake, yaani asilimia 10. Kiasi kinachobaki analipa mwajiri. Ikiwa mchango unahesabiwa kwenye mshahara huo, katika kampuni ya kwanza zinaingia shilingi 100,000 kila mwezi. Katika ya pili zinaingia 60,000. Kwa mwaka mmoja tofauti ni shilingi 480,000. Posho iliyonona haionyeshi hesabu hiyo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda dereva kama wafanyakazi wengine. Tuyashike mambo haya:

1. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Humo yaandikwe kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na malipo.

2. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, notisi yake isipungue siku 28. Hii ni kwa mwajiri na kwa mfanyakazi. Ukikataa kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaweza kukata malipo ya siku hizo kwenye haki zako.

3. Mwajiri asikate mshahara ovyo kwa sababu ya mali iliyopotea au kuharibika. Lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kiasi chake kwa maandishi, na apewe nafasi ya kujitetea. Hata hapo, makato hayo yasizidi robo ya mshahara.

4. Kazi ikiisha, mfanyakazi alipwe mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo anayodai. Tena apewe cheti cha utumishi. Hicho ndicho kinachomwambia tajiri mwingine kwamba kweli uliendesha pale, tangu lini mpaka lini.

5. Mwajiri akimwachisha kazi mtu aliyetimiza mwaka mmoja au zaidi, amlipe kiinua mgongo. Kiasi chake kisipungue mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka 10. Aliyeachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu hapati. Anayeacha mwenyewe asitegemee malipo haya.

Vilevile uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa wanaoumia kazini. Mchango wake analipa mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti.

Kukiwa na mgogoro, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi apeleke malalamiko yake ndani ya siku 30. Migogoro mingine ipelekwe ndani ya siku 60. Dereva anayesema "nitashughulikia nikirudi Kongo" anaweza kukuta siku zimekwisha.

Kabla ya kuhama

Baada ya hesabu ile, yule dereva hakukimbia tena kwa hasira. Alikusanya karatasi zake zote za mshahara, akazipeleka NSSF kudai miezi 17 iliyokatwa bila kufikishwa. Kwa bahati alikuwa amezihifadhi kwenye sanduku la mkewe. Alipopata nafasi kampuni nyingine, aliandika notisi yake mwenyewe kwa mkono wake. Akatumikia siku zote 28. Akakabidhi gari, zana na matairi mbele ya shahidi, wakaandikiana. Akaomba cheti cha utumishi. Ndipo akaondoka.

Huko alikokwenda hakuanza kwa kuuliza posho. Aliuliza: Mshahara ni kiasi gani? Mkataba ni wa muda gani? NSSF inapelekwa? Mafuta yakipungua, nani anachunguza? Nikikaa mpakani siku kumi, nani ananilisha? Kisha akausoma mkataba wote kabla ya kutia sahihi. Karani alimharakisha. Yeye akamjibu, "Ngoja ndugu yangu. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwa hiyo nasoma polepole."

Ndugu msomaji, labda wewe si dereva. Lakini una mume, kaka au kijana barabarani. Akija nyumbani usimuulize tu amekuja na nini. Muulize mkataba uko wapi. Mwambie aombe taarifa ya michango ya NSSF angalau mara moja kwa mwaka. Karatasi zake mtunzie mahali pakavu, mbali na panya na watoto. Lori ni la tajiri na mzigo una mwenyewe. Karatasi zile ndizo za kwenu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini dereva wa darasa letu alikosa miezi 53?
2. Posho na mshahara vina tofauti gani?
3. Mtu anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku ngapi?
4. Mfanyakazi anapata mshahara wa shilingi 400,000. Michango yote ya NSSF kwa mwezi ni shilingi ngapi? Yeye mwenyewe asikatwe zaidi ya shilingi ngapi?
5. Je, nyumbani kwenu karatasi za kazi zinatunzwa wapi?