Mji wa Chai Uliowapa Wachoraji Mshahara

Kijana wa Kijapani anayetaka kuishi kwa kuchora katuni hufunga virago kwenda Tokyo, kwa kuwa studio nyingi, vituo vya televisheni na wachapishaji wamejazana huko. Studio ya Kyoto Animation haikuhamia huko. Makao yake yako Uji, mji wa kusini mwa Kyoto unaosifika kwa chai ya kijani. Ni huko, mwaka 1981, ambako Yoko Hatta, aliyewahi kupaka rangi katika studio ya mchora katuni Osamu Tezuka, aliwakusanya akina mama wa jirani wapake rangi picha zilizoagizwa na studio kubwa. Mwaka 1985 kikundi hicho kikawa kampuni, na mumewe, Hideaki Hatta, akawa rais wake.

Kwa miaka mingi studio ya Uji ilifanya kazi za wenzake. Mwaka 2003 ndipo ilipotengeneza kwa mara ya kwanza mfululizo mzima wa televisheni chini ya usimamizi wake yenyewe.

Ili kuelewa jinsi ilivyotofautiana na studio nyingine, tazama fedha za anime, yaani katuni za Kijapani, zinavyozunguka. Kituo cha televisheni, mchapishaji, kampuni ya muziki na ya vinyago huunda kamati, huchanga mtaji na kugawana haki miliki. Studio isiyo na hisa katika kamati hulipwa ujira wa kutengeneza tu, hivyo katuni ikivuma, faida huenda kwa wengine. Nayo studio hubana matumizi kwa kuwatumia wachoraji wa kujitegemea, wanaolipwa kwa kila picha kama fundi cherehani anayelipwa kwa kila nguo. Mchoraji chipukizi huweza kupata kiasi cha yen 200 tu kwa picha moja.

Akina Hatta walifuata njia tofauti: waliajiri. Wachoraji wao walipata mshahara wa mwezi, wapya wakafunzwa katika shule ya kampuni yenyewe, na sehemu kubwa ya kazi ikafanyika chini ya paa moja. Ni njia ya gharama, na studio ya namna hii haiwezi kutoa kazi nyingi kwa mwaka. Lakini ubora ulionekana kwa macho: *The Melancholy of Haruhi Suzumiya* ya 2006 na *K-On!* ya 2009 ziliipa jina ambalo mashabiki walilifuata bila kujali hadithi imetoka wapi.

Hatua ya pili, baada ya kuajiri, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokuwa ya kibiashara zaidi. Mwaka 2009 kampuni ilianzisha shindano la waandishi, na mwaka 2011 ikaanza kuchapisha riwaya zake. Riwaya ya *Violet Evergarden* ilitwaa tuzo kuu ya shindano hilo, na mwaka 2018 katuni yake ikaonyeshwa duniani kupitia Netflix. Safari hii studio ilikuwa na hadithi yake mkononi.

Tarehe 18 Julai 2019 mtu mmoja aliichoma moto Studio namba 1 mjini Kyoto. Watu 36 walikufa. Mshambuliaji, aliyewahi kutuma maandishi katika shindano hilo hilo, alidai kuwa ameibiwa mawazo. Kampuni ilikana, na Januari 2024 mahakama ikamhukumu kifo. Kwa biashara ambayo mtaji wake ni mikono ya watu iliyowalea kwa miaka, hakuna bima inayofidia hasara kama hiyo. Michango iliyotumwa kutoka Japani na nje ilizidi yen bilioni 3.

Septemba 2020 filamu ya *Violet Evergarden* iliingia kumbi za sinema, baada ya kuahirishwa, na ikaingiza zaidi ya yen bilioni 2 nchini Japani. Mwaka 2024 ukafuata msimu wa tatu wa *Sound! Euphonium*, hadithi ya bendi ya shule inayotokea Uji kwenyewe.

Anayefikiria kuwekeza katika katuni, popote alipo, asianze na mauzo ya tiketi. Aulize kwanza hadithi ni mali ya nani, na wachoraji wanalipwaje.