Kushika kulia hadi Rusizi

Dereva wa Tanzania, Kenya au Uganda anayekwenda Rusizi kutalii hubadili upande mpakani, kwa kuwa Rwanda huendesha kulia. Penye hatari zaidi ni mizunguko: magari huzunguka kinyume na alivyozoea. Usukani wa kulia nao humnyima kuona mbele anapotaka kulipita lori, hasa kwenye kona za msitu wa Nyungwe, ambako ukungu hutanda na nyani hukaa barabarani bila haraka yoyote. Kamera za mwendo zimetapakaa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi ya Umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, magari husimama. Anayevuka daraja la mpakani kwenda Bukavu, nchini Kongo, huendelea kushika kulia. Bima ya kadi ya njano ya COMESA hutambuliwa pande zote mbili za mpaka huo.