Masaki, Mtaa wa Mikataba

Masaki, Dar es Salaam, mwaka hauhesabiwi kwa masika na vuli, bali kwa kalenda ya shule za kimataifa. Mwezi wa sita shule zikifungwa, familia zilizomaliza mikataba ya miaka miwili au mitatu hufunga mizigo. Mwezi wa nane wageni wapya huingia. Ni watu wa balozi, mashirika ya misaada, gesi na madini. Mshahara umepangwa kwa gharama za Ulaya au Marekani, matumizi ni ya Dar es Salaam. Ofisa ambaye kwao angepiga deki mwenyewe, hapa ana dada wa kazi, dereva, mtunza bustani na walinzi wa kupokezana zamu.

Utaratibu huu si wa jana. Waingereza waliitenga Oysterbay, jirani yake, iwe Uzunguni, na Waafrika wakapangiwa Kariakoo. Nyumba zikajengwa na chumba cha mtumishi huko nyuma, na hadi leo nyumba nyingi za Masaki na Oysterbay zina chumba hicho.

Desturi inayonigusa zaidi ni ya kuaga. Wiki za mwisho huuzwa friji, jenereta, magodoro na baiskeli za watoto, kila kimoja na bei yake. Katika siku hizohizo dada naye hutafutiwa nyumba: husifiwa kwa marafiki kwamba ni mwaminifu, anajua kupika, watoto wanampenda. Kisha huandikiwa barua. Aliyefanya kazi Masaki miaka mingi huzitunza barua hizo kwenye mfuko wa plastiki, zenye nembo za balozi na mashirika, za zamani zimeshachakaa kwenye mikunjo. Akienda kuomba kazi huzitoa zote, moja baada ya nyingine, na kumweleza bosi mpya ni mtoto yupi alimbeba mgongoni mpaka akajua kusema shikamoo.

Tuseme kweli: kazi hizi zinagombewa. Amri ya Mishahara ya 2022 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani kwa mwanadiplomasia kima cha chini cha shilingi 250,000 kwa mwezi, na anayelala kwa familia ya kawaida shilingi 60,000. Wageni wengi huwalipa wafanyakazi vizuri kuliko sisi wenyeji, na aibu hiyo ni yetu.

Lakini mshahara mzuri hukoma siku ndege inaporuka. Karibu kila barua humwita dada mmoja wa familia. Mimi natamani kando yake iwepo kadi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yenye michango ya miaka yote. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi nusu yake tu. Kwa mshahara wa shilingi 250,000, sehemu ya mwajiri ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Wapo wanaoilipa bila kukosa, tena kwa mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, na dada zao huondoka Masaki wakiwa na cha kuanzia maisha.