Mji Umesimama Juu ya Nini?

Katika mchezo wa kompyuta uitwao Civilization VI, uliotoka mwaka 2016, mchezaji aliyeshika Uyunani hana ruhusa ya kujenga akropoli yake ila juu ya kilima. Na hapo waliouunda mchezo wameitendea haki tarikhi, kwani Waathene walimjengea Athena mahekalu juu ya jabali lililokuwa ngome yao tangu zamani, soko lao wakaliacha bondeni. Mchezo huo huo unao ufalme wa Kongo, chini ya Mvemba a Nzinga, na mtaa wake mahsusi, mbanza, haujengwi ila penye msitu. Nami hapo nastaajabu, maana Mbanza Kongo yenyewe, mji mkuu wa ufalme huo, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2017, iko juu ya uwanda ulioinuka, kaskazini mwa Angola. Myunani kapewa kilima chake. Mkongo, aliyekuwa nacho vilevile, kapewa miti.

Wapenzi wa michezo hii aghalabu hubishana juu ya nguzo, mapaa na mavazi, na si vibaya. Lakini picha huzoeleka upesi, ilhali kanuni ya wapi mji uwe, ambayo mchezaji huitii usiku kucha, humwingia akilini asijue kwamba anafundishwa.

Na kanuni iliyoenea kuliko zote ni kwamba mji hutajirika kwa kukaa karibu na madini. Mto Lualaba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unaikanusha. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu Nenquin na Hiernaux walifukua mwaka 1957 na 1958 makaburi ya watu waliozikwa na vyungu na mapambo ya shaba, na katika makaburi ya karne za baadaye misalaba ya shaba, ambayo kadiri miaka ilivyopita ilizidi kuwa midogo na yenye kufanana, hata ikadhaniwa, nami naona kwa haki, kuwa ilikuwa pesa. Shaba hiyo haikutoka ziwani. Ilitoka kusini, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Watu walikaa palipo na samaki, shaba ikawafuata, kama fedha ya migodi ya Laurion ilivyowafuata Waathene mjini kwao.

Ukiupanda mto huo kuelekea kusini utafika Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi, na ndani yake mtaa wa Kasulo. Civilization VI inayo kanuni moja ambayo, sidhani kwa kukusudia, inauhusu mtaa huu: madini yakidhihirika chini ya mtaa uliokwisha kujengwa, mwenye mji huyapata papo hapo, pasi na kuvunja hata ukuta. Huko Kasulo, madini ya kobalti yalidhihirika mwaka 2014. Watu wakatoboa sakafu za vyumba vyao na nyua zao, mashimo yakashuka kisha yakapinda chini ya nyumba za majirani. Na kwa kuwa sheria ya madini ya nchi hiyo ya mwaka 2002 inasema kilichomo ardhini ni cha dola, mwenye nyumba hakuwa mwenye kile alichokilalia. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, na waliokuwa wakiishi humo wakahamishwa.

Mwenye kutaka kuutia mtaa huo mchezoni kwa usahihi itampasa achore ramani mbili, ya juu na ya chini, na kila moja aiandikie mwenyewe wake.