Tui la Nazi: Soma Nyuma ya Pakiti Kwanza

Mwezi uliopita jirani yangu alinijia na pakiti ya tui la unga mkononi, akitaka nimsomee maandishi madogo ya nyuma. Mwanawe wa miaka 3 mwili wake hauyataki maziwa ya ng'ombe. Akiyaonja tu, vipele humtoka. Siku mbili mfululizo alikuwa amempikia wali wa nazi na vipele vikatoka, ilhali nyumbani hapakuwa na hata tone la maziwa. Tulipofika kwenye orodha ya vilivyomo tukakuta nazi, maltodekstrini na kaseinati ya sodiamu. Hiyo kaseinati ni protini ya maziwa.

Si hila ya kampuni moja. Pakiti nyingi za tui la unga zina kitu hicho, na sababu yake inaeleweka. Tui ni mafuta na maji, na viwili hivi havikai pamoja muda mrefu. Kamua nazi, uliache tui juu ya meza: baada ya saa chache mafuta mazito, ile kasimile, yatakuwa yamepanda juu na maji yamebaki chini. Kiwanda kinachotaka kuligeuza tui kuwa unga mkavu lazima kitafute kitu cha kuyashika yale mafuta, na protini ya maziwa huifanya kazi hiyo vizuri. Maltodekstrini nayo ni wanga uliosagwasagwa hadi ukawa mwepesi. Huupa unga ujazo na kuuzuia usigandane. Tui la mkebe kwa kawaida halihitaji maziwa, ila hutiwa vitu vya kulifanya liwe zito na lisiachane.

Kwa watu wengi vitu hivi havina madhara makubwa, na sitaki kumtisha mtu. Lakini ukinunua unga huo ujue unanunua nazi na vingine. Vilivyomo huorodheshwa kwa uzito, kizito zaidi kikitangulia, kwa hivyo soma mpaka mwisho.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni rafiki yake, kile kidonge cha mchuzi. Tui la unga halina ile harufu ya nazi mpya, basi mpishi huona chakula kimepooza, akatupia kidonge, mara viwili. Geuza paketi ya vidonge usome: mara nyingi chumvi ndiyo inayotangulia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, chumvi yote ikihesabiwa, hata ile ya mkate. Nyumba zetu hazikosi mtu wa presha. Kitunguu thomu, tangawizi, bizari, ndimu na ukwaju vilikuwa vikiifanya kazi hiyo kabla vidonge havijafika dukani.

Tusiipambe nazi nayo. Karibu theluthi ya uzito wa nyama yake iliyokomaa ni mafuta, na mengi ni ya aina ile inayoganda. Mwenye moyo au kolesteroli apunguze tui, liwe la pakiti au la kukamua.

Watu husema hawana muda, na wanaofika nyumbani saa moja usiku wana haki ya kusema hivyo. Mbuzi na kifumbu vinataka mkono na subira. Lakini siku hizi wengi tuna blenda. Chagua nazi nzito, itikise usikie maji, uyatazame macho yake yasiwe na ukungu. Ivunje, bandua nyama, ikate vipande, saga na maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili hivi, kisha chuja kwa kitambaa safi. Hilo ni tui la kwanza, liweke kando. Rudisha machicha kwenye blenda na maji mengine upate tui la pili, jepesi, la kuchemshia mbaazi au kupikia wali. La kwanza litie mwisho, moto mdogo, ukikoroga lisikatike.

Kwa joto letu tui halilali nje, litachacha. Ukikamua nazi 4 au 5 Jumamosi, ligandishe kwenye vikombe vidogo na utoe kimoja kimoja. Likiyeyuka litaachana, likoroge tu.

Na pesa je? Nazi inatoka Kilifi na Kwale, kwa mkulima ambaye pengine ni mjomba wako. Pakiti nyingi zinatoka Thailand au Sri Lanka. Nimeona duka lenye fungu la nazi mlangoni na watu wakizipita kwenda kuchukua pakiti rafuni.

Jirani yangu sasa hukamua mwenyewe mara moja kwa wiki. Machicha huwapa kuku.