Mupira mumoja, wandugu wawili

Mu Lubumbashi, ukimuambia mutu "naenda ku Golf", atakuuliza: Golf gani? Météo? Malela? Tshamalale? Watu wengi wanajua paka kartie. Nyumba zimejaa, lupango kwa lupango, na jina limebakia mu kinywa cha wenye kuita watu ku taksibisi. Lakini jina lile lilitoka ku muchezo, na muchezo ungali uko. Siku ya posho na siku ya Mungu, watu wanaingia mu majani na mifuko yao ya fimbo, wanapiga mupira mudogo, wanaufuata, wanaupiga tena.

Golfu ilifika mu inchi ya shaba pamoja na makampuni. Wakubwa wa kazi walitaka majani yao karibu na nyumba zao, mbali na moshi. Ngambo ya mupaka ni vile vile: Kitwe kuko Nkana Golf Club, Ndola nako kuko uwanja. Kwa miaka mingi, mwana wa mufanyakazi aliingia mule paka na mufuko wa mwingine ku bega. Njo maana hata leo, ukitaja golfu mbele ya watu wa mine, wanacheka: ile ni michezo ya bashefu. Wanasahau kama mu 2006 mwana wa Zambia, Madalitso Muthiya, alicheza U.S. Open kule Marekani.

Lakini habari hii si ya wenye kujua. Ni ya wenye kucheza mubaya, tena wawili, wa tumbo moja.

Mupira wa golfu hauwezi kupita gramu 46. Yai la kuku linaupita uzito. Shimo lenye unatafuta lina upana wa milimita 108, na linaweza kuwa metre 400 mbele yako. Mutu mwenye kuzoea nyundo anafika pale, anawaza: hii ni kazi ya nguvu. Anainua fimbo kama mwenye kutaka kupasua jiwe. Fimbo inapita juu, inapiga upepo. Mupira unabakia pale unamuangalia. Na sheria haina huruma: kama ulitaka kupiga, pigo limehesabiwa, hata kama haukuugusa. Mara ya pili anachimba udongo. Ku karyere wangemulipa. Mara ya tatu mupira unaenda, lakini unaingia mu majani marefu. Hapo kuna dakika 3 za kuutafuta. Zikipita, umepotea: unarudi kule ulitokea na unaongeza pigo moja. Ukiangalia muzuri utaona mwenye mikono minene njo anacheza mubaya kupita wote.

Yaya yangu ana mikono ile. Alitumika ku karyere miaka 22, ya mwisho mwisho ku mashini kubwa ya kuchimbia. Kontra ilipokwisha, wakubwa wa kazi walimupa barua na ahadi ya dekonti. Barua iko. Dekonti angali anaingoja. Mimi ningali na kazi. Kila nyumba ya mutu wa mine inajua vile inakuwa hapo: mukubwa anakuwa mwenye kuomba, mudogo anakuwa mwenye kutoa, na hakuna mutu alisomea ile kazi. Nikifika kwake, muke wake anawaza nimeleta kitu. Akifika kwangu, muke wangu anawaza amefuata kitu. Hata salamu inakuwa na bei.

Tulianza golfu sababu muzee mumoja wa kartie alituachia fimbo zake za zamani. Mufuko mumoja, sisi wawili. Kumbe sheria inaruhusu: wawili wenye kuwa upande mumoja wanaweza kugawana mufuko, kama fimbo hazipite 14, na wanaweza kucheza mupira mumoja, kila mutu pigo lake, kwa zamu. Kuko wandugu wenye hii iliwapa heshima: Edoardo na Francesco Molinari wa Italia walishinda pamoja Kombe la Dunia la golfu mu 2009.

Kwetu ni namna ingine. Yaya anapiga, mupira unaingia mu muchanga. Ni mimi wa kuutosha. Ninaupeleka nyuma ya muti. Ni yeye sasa.

"Eh, mudogo! Kweli ulinichagulia fasi ya muzuri!"

Hauwezi kununa, sababu pigo lenye kufuata utamufanyia mubaya zaidi. Tena mapigo mabaya yana faida moja: yanakawisha. Wenye kujua wanamaliza shimo kwa mapigo 4. Sisi 9, 10, hata 11. Na kati ya pigo na pigo ni kutembea, bega kwa bega, macho mbele. Hakuna mama, hakuna baba mukubwa, hakuna bibi zetu.

Ku shimo la 7 njo aliongea habari ya lupango. Lupango ya papa iko Katuba. Toka papa alikufa, miaka 6, neno lile linaleta makelele mu jamaa. Mara ya mwisho watu walitoka mu kikao bila kuagana. Yaya alitaka iuzwe. Mimi hapana. Siku ile alikuwa anatafuta mupira mu majani, amenipa mugongo, akasema:

"Mudogo, siko nataka kuuza juu ya tamaa. Bana bamerudishwa ku masomo mara mbili. Nani anajua asema niko nakopa bunga?"

Sikujibu mbio. Dakika 3 zikapita, mupira ukapotea, tukarudi kule tulitokea. Njia ilikuwa ndefu. Ndani ya njia ile nikamuuliza minervali ni ya miezi ngapi. Ku shimo la 9 tulikuwa tumepatana: nyumba ya nyuma ipangishwe, mafranga yake yaende ku masomo ya watoto mpaka dekonti itoke, na mambo ya kuuza yangoje mwaka uishe. Mama alikubali. Dada yetu wa Likasi hajakubali bado. Anasema neno la jamaa halikatwe mu majani, na kama linakatwa kule, basi naye apewe fimbo.

Kuko wenye kutuuliza: munacheza miezi yote hii, na hamujue kucheza, faida ni nini? Ninawaambia habari ya Maurice Flitcroft. Alikuwa dereva wa gru kule Barrow-in-Furness, Uingereza, fasi ya kutengeneza mameli. Mu 1976, na miaka 46, alijiandikisha kama mutu wa kazi ya golfu mu mashindano ya kuchagua wachezaji wa Open. Mazoezi aliyafanya ku muchanga wa bahari. Alimaliza mashimo 18 kwa mapigo 121. Wakubwa wa golfu walikasirika sana, wakamufungia mulango. Akarudi na majina mengine. Yaya aliposikia ile habari aliketi chini kwa kucheka. "Ule ni mutu ya kwetu. Mutu ya mashini."

Hata sheria ya leo inawajua watu kama yeye. Toka 2020, handikapu inaweza kufika 54, ni kusema mapigo 3 ya kuongezewa ku kila shimo, ili mwenye kucheza mubaya ashindane na mwenye kujua. Ku kazi sijaona kitu cha namna ile.

Kwa mwenye kutaka kujaribu: fimbo 5 au 6 zinatosha, viatu vyenye kushika udongo, maji. Ulize mbele siku gani wageni wanakubaliwa na wanalipa namna gani. Vijana wenye kubeba mifuko, uwasikilize. Wengi wao wanacheza muzuri kupita wenye mifuko. Tena uanze mu wakati wa jua, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, sababu udongo unakauka na hata pigo la mubaya linabingirika mbali. Mvua ikianza, mupira unaingia mu matope pale pale ulipoanguka, na mutatembea kidogo sana mbele ya zamu ya ndugu yako kufika.