Statini Haiachwi Kipimo Kikishuka
Mgonjwa aliyenusurika shambulio la moyo hurejea Lipangalala akiwa na vidonge vya statini. Kufikia mavuno ya mpunga kipimo huonyesha lehemu imeshuka, naye hujiona amepona, akaviacha. Lakini lehemu imeshuka kwa kuwa dawa inalizuia ini kuizalisha kwa wingi. Dawa ikikoma, hupanda tena. Aidha, statini huimarisha mabaka ya mafuta ndani ya mishipa ya moyo yasipasuke na kugandisha damu. Katika utafiti wa Skandinavia uliochapishwa mwaka 1994, wagonjwa wa moyo 4,444 walifuatiliwa kwa miaka mitano hivi: miongoni mwa waliopewa simvastatini walifariki 182, na miongoni mwa waliopewa dawa bandia, 256. Misuli ikiuma sana au mkojo ukiwa mweusi, mwone daktari upesi.